Barua ya wazi kwa Kaunti ya Mombasa: mikoko na ploti za hori ya Tudor zipitiwe pamoja

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Mheshimiwa Spika na waheshimiwa wawakilishi wadi. Kwa waziri wa kaunti anayesimamia ardhi na mipango ya miji, na mwenzake wa mazingira. Nakala kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, Huduma ya Misitu ya Kenya na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mikindani.

Pembezoni mwa hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara nyuma ya kisiwa cha Mombasa, kunafanyika kazi mbili, na wanaozifanya hawaketi meza moja. Ya kwanza ni kurudisha mikoko. Vikundi vya akina mama na vijana vina vitalu vyao, wageni huja na fulana zao, miche hupandwa, hotuba hutolewa. Ya pili ni kubadilisha matumizi ya ardhi iliyo nyuma ya mikoko hiyohiyo: shamba linakuwa ploti za makazi, ploti ya nyumba moja inakuwa fleti, ya makazi inakuwa uwanja wa makontena. Kazi ya kwanza hupigwa picha. Ya pili hupitishwa ofisini kwa muhuri, na sisi tulio jirani huijua siku lori la kwanza linapoingia.

Naomba jambo moja. Kazi hizi mbili zipitieni pamoja, kwenye ramani moja, kabla ya muhuri kugongwa. Zikibaki zilivyo, ya pili itaendelea kuila ya kwanza, na fedha, jasho na miche ya watu itaendelea kupotea matopeni.

Hali yenyewe mnaijua, lakini acheni niiandike ili isemwe hadharani. Mpango wa Taifa wa Usimamizi wa Mikoko wa 2017 hadi 2027 unahesabu hekta 61,271 za mikoko katika Kenya nzima. Lamu peke yake ina 37,350. Sisi Mombasa tuna 3,771, na mpango huohuo unasema karibu nusu yake imeharibika. Watafiti waliolinganisha hali ya 1992 na ya 2009 walikuta hori ya Tudor imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake katika muda huo. Ni hori chache nchini zilizo karibu hivi na watu wengi hivi, na hakuna sababu moja ya kuilaumu. Kuni zimekatwa, boriti zimekatwa. Maji taka ya mitaa yetu yanamwagika humo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, na upande wa hori jirani ya Mwache msitu mkubwa ulikufa ukiwa umesimama.

Kifo hicho cha Mwache kina funzo kwa wapangaji wa ardhi. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vijiti vyembamba vinavyochomoza matopeni kuuzunguka mti, vingine havifiki hata urefu wa kiganja. Maji yakipwa, vijiti hivyo ndivyo vinavyovuta hewa na kuipeleka kwenye mizizi iliyo chini, kwenye tope lisilo na hewa. Ukivifunika kwa udongo, mti haufi siku hiyo. Utakaa na majani yake kwa muda, kisha yataanza kugeuka manjano na kupukutika, na mwisho utabaki mgogo wa kijivu. Mwache udongo uliletwa na mvua. Kwetu Tudor unaletwa na malori, na malori hayo yana ruhusa au yanajua hayataulizwa ruhusa.

Nyuma ya mtaa wetu kuna ploti moja iliyopita njia hiyo. Simtaji mwenye ploti, maana ziko nyingi za namna hiyo kutoka Mishomoroni hadi Jomvu, na nikimtaja yeye mtamshughulikia yeye mkaacha wengine. Kwanza uliwekwa uzio wa mabati. Kisha malori yakaanza kuja usiku, yakimwaga udongo mwekundu na mabaki ya nyumba zilizobomolewa: vipande vya zege vyenye nondo, vigae, mabomba ya plastiki, sinki zima la jikoni. Kisha ukajengwa ukuta wa mawe, na nje ya ukuta kifusi kiliporomoka na kuizika michu iliyokuwa imesimama pale tangu tukiwa watoto. Ilipokauka, majirani waliikata kuni. Walipokuja watu wa kuhesabu visiki, waliandika kwamba jamii ya hapa inakata mikoko. Kweli imekatwa, kwa panga na shoka. Lakini waliyoikata ni miti iliyokuwa imekwisha kuuawa, na aliyeiua hakuandikwa popote.

Kibao cha kutangaza kwamba matumizi ya ardhi ile yanabadilishwa kilikuwepo. Kilifungwa kwa waya upande wa ndani wa uzio, kimeandikwa Kiingereza.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii, ambacho ni ule ukanda wa nyuma. Asiyeijua mikoko huona msitu mmoja wa kijani. Mvuvi wa Tudor, au mama wa Jomvu Kuu anayeokota tondo, konokono wa matopeni, anaijua kwa majina na kwa mahali pake. Mbele kabisa, panapofunikwa na maji mara nyingi zaidi, husimama mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi ya matao. Hufuata muia, kisha mkandaa. Nyuma kabisa, kwenye ardhi inayofikiwa na maji ya bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni mchu, ingawa mchu ni mti mgumu na waweza kuukuta hata mbele. Kila mmoja una kimo chake cha maji, na bahari ndiyo iliyoupa, si sisi.

Ukanda ule wa nyuma ndio unaoliwa kwanza, na sababu yake ni kwamba hauonekani kuwa bahari. Afisa wa mipango akija siku ya maji mafu, yanapojaa kidogo tu, atakuta ardhi kavu na ngumu, ganda la chumvi jeupe juu yake, mashimo ya kaa na michu michache iliyodumaa. Ataandika "ardhi tupu", na kwa macho yake hatakuwa amesema uongo. Akirudi mahali palepale siku ya mwezi mpevu, saa kumi na nusu jioni, atakuta maji ya chumvi yamemfika kifundoni na vidagaa vinaogelea katikati ya viatu vyake. Naomba kila ploti inayoombewa kubadilishwa matumizi pembezoni mwa hori ikaguliwe siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, na picha za ukaguzi ziwe za siku hiyo. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala bajeti. Linahitaji kalenda ya maji, ambayo kila mvuvi anayo kichwani na kila ofisi ya bandari inayo ukutani.

Ukanda huo una kazi nyingine ambayo haijawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote ya maombi niliyoiona. Bahari inapanda. Inapopanda, mikoko haina budi kurudi nyuma, mti kwa mti, kizazi kwa kizazi: mlilana unakuja ulipokuwa mkoko, mkoko unakuja ulipokuwa mkandaa, na mchu unasogea nchi kavu. Mkiruhusu ukuta nyuma ya mchu, mnakuwa mmeamua kwamba msitu wote ulio mbele yake utakufa maji, hata kama hakuna aliyeugusa kwa panga. Kwa hiyo anayegonga muhuri kwenye ploti ya nyuma anaamua hatima ya msitu wa mbele. Wala haulizwi juu ya msitu, maana msitu una faili lake katika ofisi nyingine.

Najua itasemwa kwamba ukuta unazuia mmomonyoko. Iko mahali ambapo ni kweli. Chini ya Fort Jesus mawimbi ya bahari kuu yalikuwa yanaula mwamba unaobeba jengo ambalo UNESCO iliitambua mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia. Ukuta ulijengwa pale, na mimi siupingi. Lakini ndani ya hori hakuna mawimbi ya namna ile. Maji yetu yanapanda na kushuka taratibu. Ukuta unaojengwa Mikindani au Junda haujengwi kuzuia bahari, unajengwa kuongeza ploti. Maji yaliyokuwa yakitandaa pale hayapotei, yanakwenda kwa jirani asiye na ukuta, na jirani huyo kwa kawaida anaishi nyumba ya udongo na mabati. Mitaani kwetu watu wameanza kuinua vitanda kwa matofali siku za bamvua kubwa, kwenye nyumba ambazo maji hayakuwahi kuzifikia.

Kuhusu upandaji nitasema wazi, kwa sababu nami ni mmoja wa wapandaji. Taifa limejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na lengo kubwa huleta haraka. Haraka hiyo inatufikia matopeni kwa sura hii: wanakuja watu wengi siku moja, wanataka idadi, na mche ulio rahisi kupata ni wa mkoko, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na unaichomeka tu. Basi mkoko unachomekwa kila mahali. Unachomekwa mbele mahali pa mlilana, ambako maji yanaukalia muda mrefu mno na chaza wadogo wanaugandia mpaka unainama. Unachomekwa nyuma mahali pa mchu, ambako chumvi inauchoma. Wageni wakishaondoka, tunaobaki ni sisi na vijiti vilivyokauka, na ripoti imekwisha andikwa kwamba miche elfu kadhaa imepandwa. Mheshimiwa waziri wa mazingira, acheni kupokea ripoti za miche iliyopandwa. Pokeeni za miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, na ziandikwe na mtu mwingine asiyekuwa yule aliyeipanda.

Tena mahali pengi kupanda si kazi ya kwanza. Mbegu za mikoko husafiri zenyewe na maji. Pakiwa na maji yanayoingia na kutoka vizuri, na tope likiwa kwenye kimo chake, zitafika na kuota bila hotuba. Kazi ya kwanza ni kuyafungulia maji njia, na hili Mombasa tumekwisha kulishuhudia Makupa. Tuta la Makupa lilijengwa 1929 kuunganisha kisiwa na bara, na kwa zaidi ya miaka 90 likaziba njia ya maji kati ya upande wa Kilindini na upande wa Tudor. Walioamua walikuwa wanafikiria barabara na reli. Sidhani yupo aliyeketi kuiamulia bahari, lakini waliiamulia. Mwaka 2022 daraja jipya likafunguliwa, na sababu mojawapo iliyotajwa tangu mwanzo wa mradi ni kuyawezesha maji kupita tena. Serikali imetumia fedha nyingi kufungua kilichozibwa na uamuzi mmoja wa ardhi. Ploti zinazojazwa kifusi leo ni matuta madogo ya Makupa, moja hapa, moja pale, na hakuna atakayejenga daraja kwa kila mojawapo.

Kibarani nako kunanipa moyo. Miaka mingi taka za mji mzima zilimwagwa pale kando ya maji, kila anayeingia kisiwani akiziba pua. Mwaka 2018 jaa lile lilifungwa, na leo pana majani na miti. Kaunti ndiyo iliyolifanya hilo. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba kaunti haina uwezo juu ya ufuo.

Nikiligusa hilo la uwezo, najua jibu la kwanza litakalotoka ofisini: mikoko ni ya Serikali ya Kitaifa, sisi hatuna mamlaka. Nusu yake ni kweli. Misitu yote ya mikoko ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, enzi ya mkoloni, na ikatangazwa tena 1964. Katiba nayo, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma, imeshikwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Lakini mipango ya ardhi ya kaunti, pamoja na ruhusa za ujenzi na za kubadilisha matumizi, iko mikononi mwenu, kwa Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo na kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hamuuzi mikoko, wala haijasemwa kwamba mnaiuza. Mnaruhusu kinachoiua kutoka nyuma, na hapo hakuna wa kumsukumia.

Jibu la pili litakuwa hatimiliki. Pwani yetu ina hati za zamani, nyingine za chini ya sheria ya 1908, ambazo mipaka yake inafika hadi kwenye maji. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka ukanda wa mita 60 uachwe juu ya mstari wa maji, lakini zinazungumzia ardhi ya serikali inayopimwa ili igawiwe. Mwenye hati ya babu yake haguswi nazo, na mawakili wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Sawa. Lakini Kifungu cha 66 cha Katiba kinairuhusu Serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, ya mtu binafsi ikiwemo, kwa ajili ya mipango ya matumizi ya ardhi. Hati inampa mtu ardhi. Haimpi haki ya kugeuza shamba la minazi kuwa uwanja wa makontena. Haki hiyo anakuja kuiomba kwenu, na anayeombwa anaweza kukataa, au kukubali kwa masharti. Sharti ninaloliomba ni hili: kila ploti inayopakana na hori iache ukanda wazi nyuma ya mchu wa mwisho, usiojengwa na usiojazwa, uchorwe kwenye ramani ya mipango kwa rangi yake, na njia za wavuvi kushuka majini zichorwe humo pia. Upana wake wausemee wataalamu wa KMFRI, ambao taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi iko hapahapa mjini, pamoja na watu wa misitu. Asiutaje mwombaji.

Nao mstari wa maji uwekewe bikoni, yaani alama za mpaka. Ramani tulizonazo zinaonyesha mstari ambao aliuchora sorovea miaka mingi iliyopita, na bahari haijaupitia wala kutia sahihi. Nendeni siku ya bamvua kubwa mkiwa na sorovea, afisa wa misitu, chifu, wazee na wavuvi wa pale, mfuate maji yalipofika, mchimbie bikoni za zege zinazoonekana kwa macho. Gazi, kule Kwale, eneo la mradi wa Mikoko Pamoja linajulikana lilipoanzia na lilipoishia: hekta 117 chini ya makubaliano kati ya jamii na Huduma ya Misitu. Tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao na fedha zinaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Watu husifu sana zile fedha. Mimi nasifu ule mpaka, kwa sababu bila mpaka unaojulikana hakuna ambaye angenunua chochote.

Kuhusu kusikilizwa kwa wananchi, sheria ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu walete pingamizi. Inatoa pia siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti baada ya uamuzi kutolewa. Siku 14 zinahesabiwa tangu uamuzi, na sisi tunausikia uamuzi kwa mlio wa lori. Tangazo liwe Kiswahili. Libandikwe kwenye bandari za wavuvi, misikitini, makanisani, kwa chifu na kwenye lango la ploti upande wa barabara. Na mikutano ya kupokea maoni msiipange saa nne asubuhi siku za bamvua. Mombasa, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa nne hadi saa tano asubuhi ndipo maji yanapokupwa kabisa. Ndio wakati wa kuokota tondo na chaza na kutafuta kaa. Watu mnaotaka kuwasikia wako matopeni saa hiyo, na kwenye daftari la mahudhurio itaonekana kwamba jamii haikuwa na maoni.

Kuna jambo linaloniuma na sitalipita. Sheria ya ufuo ikiamka, huamkia mabanda. Tingatinga hufika kwanza kwa mwenye chumba kimoja cha mabati, asiye na hati wala wakili, na hufika kwa kweli, alfajiri, na vyombo vikitupwa nje. Ukuta wa mawe wa mwenye ghorofa unaandikiwa barua. Sisemi mabanda yakae majini. Watu wale wanaishi vibaya, choo chao na chakula chao viko kwenye maji yaleyale, na wanastahili mahali pengine penye maji safi na njia ya kufika kazini. Lakini kama ramani mpya ya mipango itakuwa chombo cha kuwahamisha maskini ili nafasi yao ipewe mwenye malori, basi mimi na majirani zangu tutaipinga tukiwa wa kwanza, hata kama imepambwa kwa picha za mikoko. Anzeni na kifusi kikubwa. Aliyejaza ardhi akiondoe kwa gharama yake, mpaka tope la asili lionekane, kwa kimo kilekile kilichokuwepo. Msikubali apande miche juu ya kifusi na kuiita fidia, maana juu ya kifusi hakuna mkoko utakaoota.

Naandika sasa kwa sababu kalenda inasema hivyo. Mpango wa Taifa wa Mikoko unaishia 2027. Mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti, ule wa 2023 hadi 2027, nao unaishia mwaka huohuo, na ni mwaka wa uchaguzi. Wote tunajua yanayotokea kwenye ofisi za ardhi miezi ya mwisho kabla ya kura. Kwa hiyo naomba Bunge la Kaunti lipitishe hoja ya kusimamisha ruhusa zote za kubadilisha matumizi kwenye ploti zinazopakana na hori ya Tudor mpaka mstari wa maji uwekewe bikoni na ramani ya ukanda ichorwe. Waheshimiwa wawakilishi wadi wa Mikindani, Jomvu Kuu, Tudor na Junda, nanyi wa upande wa Mishomoroni, hoja hii ni yenu kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Tena muwashirikishe wenzenu wa Kilifi. Mito ya Kombeni na Tsalu inaingia hori yetu ikitoka kwao, na udongo wa mashamba ya kule hauulizi mpaka wa kaunti.

Mwisho, naomba taarifa. Kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba orodha ya maombi yote ya kubadilisha matumizi ya ardhi yaliyokubaliwa tangu 2013 kwenye ploti zinazopakana na hori ya Tudor: nambari ya ploti, matumizi ya zamani, matumizi mapya, tarehe ya uamuzi, na kama Huduma ya Misitu iliulizwa kabla ya muhuri kugongwa. Ombi rasmi lenye jina langu na anwani yangu litafika masjala ya kaunti pamoja na nakala ya barua hii. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Orodha hiyo tutaibandika kwenye bandari ya wavuvi, kwa Kiswahili, kando ya ratiba ya maji.

Wenu,
Mkazi wa Mikindani na mshiriki wa kitalu cha mikoko